Mwaka Niliofundishwa Kuvaa

Ujumbe wa Vaileth ulinikuta nimesimama katikati ya turubai la mpunga, naugeuza kwa miguu, jua la Kyela likinichoma utosini. Alikuwa ametuma sauti, fupi, sauti ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza. "Atu, mama ametutoka. Panda. Na uvae." Basi, hakuna zaidi. Nikaurudia palepale juani, na kila nilipofika kwenye lile neno la mwisho nilicheka, nikalia, mpaka akina mama waliokuwa wakipepeta pembeni wakaacha nyungo zao. "Gwe, Atuganile, kulikoni?" akaniuliza mmoja. Nikawaambia nimefiwa na mama. Wakashangaa, maana mama yangu mzazi walimzika wao wenyewe zamani, na walikula kwenye msiba ule. Sikuwa na nguvu ya kueleza.

Nyumbani nikaanza kutoa masweta chini kabisa ya sanduku, mpwa wangu Bupe amesimama mlangoni anajipepea na daftari. "Shangazi, unahamia Ulaya?" Nikamwambia nakwenda kuzika. "Kuzika wapi huko kunakotaka masweta matatu?" Nikamwelekeza dirishani kwa kidevu: hapo tu. Milima ya Livingstone ilikuwa imesimama palepale inaposimama siku zote, ya buluu, mikubwa, imelibana ziwa ubavuni. Akaitazama, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. Simlaumu. Mtu anaweza kuzaliwa Kyela, akazeekea Kyela, kila asubuhi anaiona milima ile akipiga mswaki, asijue kwamba saa hiyohiyo, yeye akitafuta kivuli, kuna watu kule juu wanatembea juu ya maji yaliyokuwa magumu. Mimi nisingejua. Nilijua kwa sababu ya mwaka mmoja, na kwa sababu ya mwanamke aliyekuwa amelala kule juu akinisubiri nimzike, na hata sasa ambapo magoti yangu hayapandi ngazi bila kulalamika, nikiufikiria mwaka ule nywele zinanisisimka.

Nilikuwa nimemaliza shule, nakaa Talatala, nina mguu mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Siku za soko nilikwenda Lyulilo, ufukweni Matema, na mchele, na ulipokwisha nilivua ndala nikashindana na vijana mchangani, mitumbwi ikishusha vyungu vya Wakisi na watu wakipiga kelele tusije tukavivunja. Mama Vaileth alikuwa Mkinga wa juu, anateremsha viazi mviringo na kupandisha usipa, dagaa wa ziwa letu. Mwanamke mfupi, mnene kiasi, na katika joto lile lote alikuwa na sweta la sufu kalifunga kiunoni, jambo lililotuchekesha sana. Siku moja nikiwa nahema mbele ya viazi vyake akaniambia, "Unakimbia vizuri. Jikoni." Nikamuuliza jikoni wapi. "Huku kwenu ni jikoni, mwanangu. Moto umewashwa tangu Mungu aumbe dunia. Njoo siku moja ukimbie nje." Wauza samaki wakaangua kicheko, nami nikacheka, lakini neno lile liliniingia.

Liliniingia kwa sababu mwaka huohuo mwalimu wa michezo alikuja na habari. Kanda ilitaka msichana mmoja wa mbio ndefu. Mmoja tu. Mchujo ungefanyika kule juu, katikati ya kipupwe cha mwaka uliofuata, na atakayeshinda angekwenda mashindano ya taifa ambako, alisema mwalimu, majeshi na vyuo huja kuchagua watu wao. Kwa msichana wa wakati ule, aliyekuwa akiiona kesho yake yote imelala kwenye jaruba la mpunga, ile haikuwa habari ya mbio. Ulikuwa mlango. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka chakula. Mwalimu akasema anayetoka bondeni hatafua dafu asipokwenda kuizoea hewa ya kule mapema, akae huko, alale huko. Mama Vaileth alipoulizwa sokoni kama anajua nyumba ya kunipokea, alijibu akiendelea kupanga viazi. "Aje kwangu. Nina wangu naye anakimbia, na nafasi hiyohiyo anaitaka. Watasukumana."

Tulipanda na watu wa soko, wao na mizigo kichwani wakiongea habari zao, mimi mikono mitupu na roho mkononi. Njia ile haizunguki mlima, inauparamia. Chini yetu ziwa lilizidi kupanuka, mitumbwi ikawa punje, na upande wa pili milima ya Malawi ikajitokeza ambayo nikiwa Matema niliiona siku za bahati tu. Mahali fulani migomba ikaisha. Ikaisha kabisa, na mimi nilikuwa sijawahi kukaa mahali pasipo na mgomba. Halafu upepo ukageuka, na jasho langu lote likawa baridi kwa mara moja, kama mtu kanimwagia maji ya kisimani. Mama Vaileth akalifungua lile sweta la kiunoni, akalivaa, akanitazama kwa jicho la pembeni. Hakuna aliyecheka safari hii. Jioni, ndani ya jiko lake, nikatoa zawadi niliyobeba, chupa ya mafuta ya mawese. Nilipoiinamisha hayakutoka. Nikaitikisa. Nikaipiga kitako. Mafuta yalikuwa yamesimama ndani ya chupa, mekundu, mazito, hayataki kusikia. Kwetu hukaa maji mchana kutwa. "Yameharibika," nikasema, nikitaka kulia. Vaileth akaichukua, akaikalisha karibu na moto, akaniambia ningoje. Nikangoja, nikaona yanalegea taratibu kutoka ukingoni, na nikafungua mdomo kusema kitu, moshi ukanitoka kinywani. Nikaufunga mdomo kwa kiganja. Vaileth akacheka mpaka akalalia gunia la viazi.

Lile jiko nalijua kuliko chumba chochote nilichowahi kukaa. Lilikuwa kando ya nyumba kubwa, kuta za udongo zimekuwa nyeusi hadi zinang'aa, moto katikati usiozimwa, mahindi ya mbegu yamening'inizwa juu ya moshi, kinu kwenye pembe, na kamba iliyovuka kutoka ukuta hadi ukuta, imeanikwa soksi. Soksi! Kwetu soksi ni za Jumapili. Pale tulikula viazi na maharage, ugali na maharage, viazi tena, na chai ya maziwa nzito ambayo Mama Vaileth alinimiminia bila kuuliza. Wiki ya kwanza nililia kimyakimya kwa ajili ya samaki mbasa na ndizi za kwetu. Mama aliona. Soko lililofuata akapandisha mkungu mzima wa ndizi kichwani, mlima ule, akazipika na yale mawese yangu, akaniwekea mbele. "Ndaga fijo," nikamshukuru kwa Kinyakyusa, kwa kuwa Kiswahili hakikutosha. Akapunga mkono nile, zitapoa.

Lakini kabla ya hapo nilikuwa nimekwisha karibia kufa. Kwetu Kyela mtu hatoki nje asubuhi bila kuoga. Joto lenyewe haliruhusu, na adabu pia hairuhusu. Mtoto akitoka hajaoga majirani watasema hana mama. Basi siku ya kwanza ya mazoezi nikaamka kabla ya wenzangu, nikachota maji ya moto yaliyolala jikoni, nikaoga, kichwa na vyote, nikajisugua vizuri ili nisiwatie aibu watu wa Kyela. Kisha nikavaa kila nilichokuwa nacho. Gauni la pamba, sweta, sweta jingine, koti zito la mtumba, kitenge juu. Nikatoka nasikia joto, najisifu: hii ndiyo baridi yao? Mara nikakimbia. Kilima cha kwanza jasho likanitoka kama niko jarubani. Pamba ikalinywa lote. Nikavua koti, nikalibeba. Nikavua sweta, nikalibeba. Kwenye tambarare ya juu upepo ukanikuta nimelowa, nywele mbichi, mikono imejaa nguo, na nasema kweli, sikujua kwamba mwili unaweza kukukataa. Meno yaligongana hata sikuweza kutamka jina la Vaileth. Vidole vikawa si vyangu. Nikakaa chini kwenye majani nikajisikia usingizi, usingizi mtamu. Vaileth alinivuta kwa nguvu, akanikokota, akinitukana kwa Kikinga.

Mama Vaileth alinivua nguo zote mbele ya moto, akanikausha kwa gunia. Alipogusa nywele zangu akasimama. "Umeoga?" Nikaitikia. "Asubuhi hii?" Nikaitikia tena. "Kwa maji ya moto?" Akamtazama Vaileth, Vaileth akatazama dari. Ndipo nikajua kwamba kule juu, kipupwe, watu wazima wenye heshima zao huoga mchana jua likiwa limesimama, na hakuna anayemwona mwenzie mchafu. "Mwanangu," akasema, akinisugua miguu kwa nguvu, "wewe unaiogopa baridi halafu unaifungulia mlango. Toka leo huvai mpaka nikuvishe."

Na kweli akanivisha. Kila asubuhi, mwaka mzima, alituvisha sisi wawili jikoni, kwa zamu, leo ninaanza mimi, kesho Vaileth. Cha kwanza kugusa ngozi ilikuwa jezi ya mpira ya nailoni, ya kubana, ya mtumba, maana ile hainywi jasho. Juu yake kifuani karatasi za gazeti, zimekunjwa bapa, za kukata upepo. Kisha sweta jepesi la sufu, moja, si mawili. Miguuni suruali ya kubana, ambayo nilikataa katakata, nikasema Talatala wakisikia nimevaa suruali sitarudi tena. "Wapande waje wakuone," akanijibu, "watakuwa wamekufa baridi kabla ya kukusema." Nikaivaa, na sketi juu yake kwa ajili ya roho yangu. Soksi, halafu mfuko wa nailoni, halafu soksi nyingine, umande usipite. Soksi nyingine tena mikononi. Usoni mafuta ya kondoo, yananuka, lakini upepo unateleza. Mwisho kofia. Halafu hapo, tukiwa tumevaa, hatutoki. Alitusimamisha kwenye kinu kimoja, kila mtu na mchi wake, tutwange mahindi kwa kupokezana, taratibu kwanza, kisha haraka, mpaka pua zianze kumeremeta. "Damu iliyolala haitoki kwangu," alisema. Ndipo anafungua mlango, na pale mlangoni ananiuliza swali lilelile kila siku: "Unasikia nini?" Nikisema nasikia baridi, ananiacha niende. Nikisema nasikia joto, ananivua kitu.

Hilo ndilo lililonishinda kulielewa. Kutoka huku nasikia baridi, kwa makusudi, na kuamini kwamba kabla ya kufika kwenye mti wa msindano wa pili mwili utakuwa umewasha moto wake wenyewe. Siku nilipoamini ndiyo siku nilipoiona sakitu kwa mara ya kwanza. Tulitokeza juu na jua likatokeza, na nyasi zote za tambarare zilikuwa nyeupe, kila jani peke yake, limevikwa. Nikadhani mtu kamwaga unga. Nikainama nikagusa, likavunjika kwa sauti ndogo, likawa maji kidoleni. Kwenye kidimbwi cha ng'ombe nikasimama juu ya maji, kwa miguu yangu, mimi Atuganile wa Talatala. Na ng'ambo, chini, chini kabisa, ambako mlima ulikatika, lilikuwa ziwa letu limelala kwenye joto lake, na nilijua kwamba muda ule watu wa Lyulilo wamevua mashati. "Vaileth," nikasema, "hii ni dunia moja?" Akanijibu, "Kimbia, utaganda." Nilikimbia huku machozi yakinitoka, na si kwa upepo. Sijawahi kuingia kanisani nikapata hofu njema ya namna ile.

Kadiri mwezi ulivyofuata mwezi nikawa namkaribia Vaileth. Mwanzo nilimwona mgongo, baadaye bega. Ikafika siku tukaingia uani pamoja, na Mama Vaileth aliyekuwa anamenya viazi akanyanyua macho, akayainamisha tena. Siku hizo mdogo wake alikuwa amekuja kumtembelea, mama mdogo wake Vaileth, mwanamke wa maneno makali. Mchana mmoja nilikuwa naoga nyuma ya jiko, kwenye uzio wa mianzi, jua zuri, na ukuta ule wa udongo haukuzuia sauti. "Dada, wewe una akili timamu?" nikamsikia mama mdogo. "Nafasi moja. Moja! Huyo wa Kyela ulimpokea hajui hata kuvaa. Ungemwacha hivyohivyo." Mchi ukagonga kinu, ukagonga tena. "Hata sasa bado hujachelewa. Siku yenyewe mwache aoge, avae makoti yake. Usimdhuru, wala usimguse. Baridi itamalizana naye." Nikabaki na kopo la maji mkononi. Mchi ukaacha kugonga. Halafu nikasikia Mama Vaileth, sauti ya chini, imechoka. "Unadhani sijalifikiria hilo? Nalifikiria kila asubuhi nikimkunjia gazeti." Mchi ukagonga mara moja. "Nataka Vaileth ashinde mpaka tumbo linaniuma. Lakini nikimwacha huyu agande, Vaileth atakuwa amemshinda nani?" Mama mdogo akasonya. Mimi nikajimwagia yale maji bila kusikia kama ni ya moto au ya baridi.

Sikuwahi kumwambia kwamba nilisikia. Lakini tangu siku ile aliponivisha sikuweza kutazama ukuta. Nilitazama mikono yake. Ilikuwa mikono ya kuchimba viazi, kucha zimekatika, na ililikunja gazeti langu kwa upole uleule iliolikunja la Vaileth, hakuna tofauti, ukingo kwa ukingo. Nilikuwa natafuta tofauti, Mungu ananiona. Sikuipata.

Asubuhi ya mchujo kipupwe kilikuwa kimekaza, ukungu umeshuka hadi kwenye paa. Mwenye zamu ya kwanza siku ile nilikuwa mimi, kwa hiyo alianza nami. Jezi, gazeti, sweta, soksi. Akanipaka mafuta, akanishika mashavu kwa viganja viwili, akanitazama muda mrefu kuliko siku nyingine. Kisha akamvisha mwanawe, akamshika vivyo hivyo. Tukatwanga. Mama mdogo alikaa karibu na moto, kanuna. Mlangoni nikaulizwa, "Unasikia nini?" Nikasema, "Nasikia baridi, mama." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mama bila jina la mtoto wake. Akafungua mlango.

Wasichana wa kanda walikuwa wengi, wametoka mabonde mbalimbali, wamejifunika makoti mpaka masikioni, wengine wameoga, nilijua kwa kuona nywele zao. Nikawahurumia. Filimbi ikalia. Kwenye kilima cha kwanza wakaanza kuvua na kubeba, kwenye tambarare wakaanza kusimama mmoja mmoja, wakikumbatia vifua, na walimu wao wakiwakimbilia na mablanketi. Tukabaki mimi na Vaileth ndani ya ukungu, nasikia viatu vyake, anasikia vyangu. Tulipozunguka kidimbwi nikamsikia pumzi yake inakatika kidogo, kitu kidogo sana, ambacho ni mtu aliyelala naye chumba kimoja mwaka mzima tu angeweza kukisikia. Ningeweza kupunguza. Nasema wazi, nililifikiria. Halafu nikaifikiria ile mikono, ukingo kwa ukingo, na nikaona kwamba nikipunguza nitakuwa nimemtukana. Nikaongeza. Nikaongeza kwa nguvu zote alizonipa, na nikaukata utepe peke yangu.

Mama Vaileth alikuwa pale, na sweta kavu begani. Aliyefika kwanza ndiye anayeanza kupoa. Hiyo ilikuwa sheria yake. Akaninyooshea kitenge mbele, akanivua jezi iliyolowa, akanikausha mgongo, akanivika kikavu, akanifunga kofia. "Umeshinda," akasema. "Usikae chini, tembea." Hapo Vaileth akaingia, akasimama mbele ya mama yake, akainua mikono juu kama mtoto mdogo, na mama akamvua, akamkausha, akamvika, haraka, bila kuruka kitu. Alipomaliza kumfunga kofia akatuacha. Akatembea mpaka kwenye ukingo wa uwanja, akatugeuzia mgongo, akakaa kwenye nyasi nyeupe, akalia. Alilia kwa sauti, mabega yakiruka, mwanamke ambaye mwaka mzima sikuwa nimeona jicho lake limelowa. Watu wakageuka kumtazama. Nikaanza kumkimbilia.

Vaileth akanishika mkono, soksi kwa soksi.

"Mwache, Atu," akasema. "Alikuwa anasubiri tumalize."